Samaki wa njano amegoma kula

Jumanne

Na leo hajala. Huyu wa njano nilimchagua makusudi kule Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Nilisema rangi ikiwa tofauti na ya yule mbabe wa bluu, hawatagombana kwenye tangi. Wiki nzima bluu anamkimbiza, naye kafumba mdomo kama aliyenuna. Nilishaanza kumlilia.

Jioni shemeji Tumaini, aliyekulia ziwani, alipita kutusalimia. Alichungulia kioo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, nyie Wamatengo wa milimani bakini na kahawa yenu! Hao ni mume na mke. Huyo kabeba mayai mdomoni, atakulaje?"

Na jana nilivyomfokea yule bluu...

Tangi lenyewe dogo, sijui watoto nitawaweka wapi. Nilitafuta majirani wasiogombana. Sasa nasubiri kuitwa babu.