Anwani ya Lapta

Clive,

Supu ya dengu ya jirani Emine iko kwenye friji. Ipashe moto, usiinywe baridi kwa uvivu. Kesho maji ya bomba yanatoka, jaza tangi. Paka ameshakula, asikudanganye.

Nimekwenda uwanja wa ndege.

Asubuhi, wewe ukikoroma, niliisoma tena ile barua ya kutukatalia, kutoka serikali ya kusini, ng'ambo ya mpaka wa kisiwa hiki. Cheti chetu cha matibabu cha Uingereza hakimfai mtu anayeishi huku kaskazini. Nilikusihi uandike kwenye fomu anwani ya Pat wa Larnaka, huko kusini, kama wenzetu wengi. Ukanijibu, "Mke wangu, mimi karatasi ya serikali siidanganyi." Ukaandika Lapta, hapa tunapoishi, tena kwa herufi kubwa.

~~Sikulaumu.~~ Nakulaumu. Huu uvimbe titini haungoji uungwana wako.

Nitakuwa kwa dada yangu, Grimsby. Huko nitatibiwa bure, mradi niseme nimerudi Uingereza kuishi moja kwa moja. Wataniuliza, nami nitasema hivyo, na kusaini.

Wewe usiyependa uongo, niombee huu uwe uongo.

Mkeo,
Doreen