Kiti Chembamba cha Baba

Kaka yangu,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, miguu ikikanyaga pedeli kama kawaida yako. Mama hajambo, mimi sijambo, karakana inakwenda. Baba ndiye aliyenifanya nishike kalamu, na nikuambie mapema, nakuandikia nimefura kwa hasira.

Mama amenisomea barua yako. Eti Baba umri umemtupa mkono, asirudie tena kupeleka maziwa, baiskeli iuzwe. Umri hauhusiki hata chembe, kaka. Unaohusika ni ule ujuaji wako.

Ulipokuja likizo ulimfungulia kiti chake kipana chenye springi ukamfungia kile chembamba cha mashindano. Ulingoja niende sokoni kutafuta minyororo, maana ulijua ningekukatalia. Ukamwambia hicho ndicho wanachokalia wanaojua kuendesha. Kuendesha nini? Wewe unainama mpaka kidevu kinakaribia usukani, nusu ya uzito iko mikononi, kiti unakigusa tu. Chembamba kinakufaa, mapaja hayasuguani nacho. Baba anakaa wima kama hakimu, madumu ya maziwa nyuma, barabara mashimo matupu, na uzito wote unamshukia pale pale. Mtu wa hivyo anataka upana na springi. Nawe umekulia karakanani, hili unalijua kuliko mimi. Ulitaka tu sifa.

Ulipoondoka, akaanza kushuka na kuisukuma baiskeli kwenye vilima. Baadaye hata kwenye tambarare. Mwisho akaacha kabisa, wateja wakahamia kwa jirani. Alituambia ni magoti. Nikamletea dawa ya magoti, akaipaka mbele yangu bila aibu, mzee wa watu. Chakula anakula amesimama, anadai kinashuka vizuri zaidi. Na mgeni akija lazima aonyeshwe kiti, aambiwe kwamba bingwa amekitoa kwenye baiskeli yake mwenyewe akampa baba yake.

Juzi Mama alichoka kuficha, akaninong'oneza jikoni. Baba hana ugonjwa wowote wa magoti. Ana vidonda vya kukalia, na akipanda baiskeli anakufa ganzi. Mama ndiye anayempaka mafuta, na aliapishwa asiseme, hasa kwako. Nilichukua spana nikaenda kukifungua kiti. Baba akasimama mbele ya baiskeli na kunikataza kwa sauti ambayo sijaisikia tangu utotoni. Alisema afadhali watu wote wamwone amezeeka kuliko wewe usikie kwamba zawadi yako imemuumiza. Nililia kwa hasira, na sijui nilimkasirikia nani zaidi, wewe au yeye.

Sasa usiniletee pole zako, na usithubutu kumwomba radhi, utammaliza. Mwandikie kwamba una mashindano makubwa, umejaribu viti vingine vyote vimekushinda, unakiomba kile chako. Mwambie hivyo hivyo, mwombe kama mtoto anavyomwomba baba yake. Atakitoa kwa furaha, nami nitamrudishia kipana chake, ninacho hapa. Ukichelewa nitakikata kwa msumeno, na nitamweleza kwa nini.

Mama anakusalimu. Baba naye anakusalimu sana. Kila asubuhi anauliza kama umeshashinda.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa nyumbani