Tawa ya Mamamkwe

Alhamisi

Na lile bamba la chuma la kulengea shabaha ndilo lililokuwa bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza!

Wiki nzima nimelilinda lisipate moto. Hawa wapiga shabaha wa kujifurahisha wanataka chuma kigumu, kisichobonyea kwa risasi. Kikishachomwa hulainika, kikabonyea, na risasi huweza kumrudia mpigaji mwenyewe. Ndiyo maana sikuchomelea popote. Nilitoboa tundu karibu na ukingo, nilining'inize kwa bolti na mnyororo.

Leo nimerudi kutoka Mbaraki nikakuta moshi uani. Mamamkwe, mgeni wetu tangu juzi, ameliona bamba la duara limeegemea ukuta, akajua ni tawa ya chapati nimemtengenezea yeye. Na kwake tawa mpya haipikiwi mpaka ichomwe. Amelirundikia makaa mpaka likawa jekundu.

"Mwanangu, Mungu akuweke," akaniambia. "Tawa nzito hivi sijaiona tangu enzi za marehemu mamangu."

Ningemwambiaje? Mkwe huyo. Nikasema, "Ahsante, mama," nikaenda kusimama msalani.

Mteja aliyeliagiza alikuwa aje kulichukua kesho. Siwezi kumpa kitu kitakachomrudishia risasi usoni, basi nimempigia simu nikamweleza. Amecheka mpaka akakohoa, kisha akauliza chapati zilikuwaje.

Zilikuwa laini, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mamamkwe ana lalamiko moja tu: lile tundu linavuja mafuta. Ameniomba nilizibe kwa kuchomelea.