Kengele ya Dakika ya Nne

Jumatatu, 6 Mei

Mwalimu wa Historia kabandika hoja ya mdahalo wa Ijumaa: "Katika shule hii, kila mwanafunzi anaanzia mstari mmoja." Nusu ya walimu wakasoma, wakanyamaza. Nusu wakasoma, wakakumbuka wana madaftari ya kusahihisha. Mkuu wa shule akauliza kama hakuna hoja nyingine, labda kuhusu simu. Akajibiwa hakuna, wanafunzi wenyewe wameipigia kura hii.

Miaka ishirini iliyopita hapa walisoma watoto weupe watupu. Sasa weusi ni theluthi. Walimu weusi tuko watatu. Mimi nafundisha kemia. Kwenye mdahalo sina upande. Mimi ni mshika saa. Mwaka wa kumi na moja huu nakaa kwenye meza ndogo mbele ya jukwaa, stopwochi mkono wa kushoto, kengele mkono wa kulia. Dakika nne kila msemaji. Kila nikigonga naandika kwenye daftari la kijani: tarehe, jina, muda kamili na sekunde zake. Pia kuna safu ya maelezo, ambayo sijawahi kuijaza. Maelezo ya nini? Saa ni saa.

Jumanne, 7 Mei

Leo wamechagua pande. Mtu anachovya mkono kwenye mkebe wa biskuti, anatoa karatasi, na kilichoandikwa ndicho atakachosema, aamini asiamini. Wakili ametoa "kupinga". (Baba yake wakili, babu yake wakili, naye anavaa tai hata Jumamosi. Jina limemkaa.) Kwa hiyo kijana mweupe kuliko chaki atatueleza kwamba shuleni kuna watu wanaozaliwa mbele ya mstari. Alicheka mpaka machozi.

Jiko ametoa "kutetea". Hakucheka.

Jiko ni binti wa mpishi wetu. Anasoma bure kwa sababu mama yake anapika hapahapa. Wenzake walimpa jina hilo siku ya kwanza, naye anaitika — sijui kwa nini anaitika. Ndiye msemaji bora shuleni, nasema hivi kama mtu asiye na upande. Mwezi ujao wanafunzi wawili watakwenda mashindano ya shule zote. Nafasi moja ni ya Wakili, hilo halijadiliwi. Ya pili ni ya Jiko asipoharibu.

Alhamisi, 9 Mei

Jiko kaja maabara wakati wa mapumziko. Shikamoo mwalimu, marahaba, kisha moja kwa moja kwenye shida yake. Anatafuta ushahidi wa upande wake na hauoni. Kazunguka shule nzima akitafuta mahali ambapo wote wanapimwa sawasawa.

"Nimepata mahali pamoja tu, mwalimu. Kwako. Dakika nne kwa kila mtu, na umeandika."

Kichwa kikanivimba! Nikampa daftari bila kulifungua. Nikamwambia achukue na picha za darasa za kila mwaka kule maktaba, zina majina, ataona nani alikuwa nani. Mwenyewe nilimwambia.

Nimefika nyumbani, wifi yangu akaacha cherehani akanitazama. "Leo umekuja na shingo ndefu, wifi. Nani kakusifu?" Tunaishi wawili tangu kaka yake, mume wangu, afariki. Hakuna kinachompita.

Ijumaa, 10 Mei

Niandike kama ilivyokuwa.

Ukumbi umejaa, hata wazazi wamo. Wakili kaanza. Kasema vizuri sana kuhusu watu wanaozaliwa na nafasi mkononi, kama mtu anayesimulia safari aliyoisoma gazetini. Wazazi wakapiga makofi. Mama yake kuliko wote. Nikagonga, nikaandika 4:22.

Jiko akapanda. Hana karatasi, ana daftari langu. Akasema alitaka kulileta kama ushahidi kwamba tuko sawa. Amelisoma lote, miaka kumi na moja. Msemaji mweupe hugongewa kengele, kwa wastani, dakika nne na sekunde kumi na tisa. Msemaji mweusi, dakika nne na sekunde moja.

Watu wakageuka kunitazama.

Akasema hawezi kutetea hoja hii, anamwomba radhi mwenzake wa upande wake. Hana hasira na mtu. Kuna jambo moja tu analotaka lieleweke kuhusu mshika saa, kwa sababu mshika saa mwenyewe ni —

Nikagonga.

4:00. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa sauti, halafu wengi. Kwetu msemaji haketi kabla ya kengele na haongezi neno baada yake. Ndiyo desturi tangu enzi za weupe watupu. Jiko akafunga mdomo, akaja akaniwekea daftari mezani kwa mikono miwili, akaketi.

Naapa ilikuwa 4:00 barabara. Hilo ndilo balaa lenyewe.

Baadaye Mwalimu wa Historia akasoma kanuni: anayeuacha upande wake jukwaani anatoka kwenye timu. Ametolewa. Wakili alinifuata mlangoni, masikio mekundu, akaniuliza kama kweli yeye huwa anapitiliza. Nikamwambia asubiri nihakikishe. Nilikuwa nimeshahakikisha.

Jumapili, 12 Mei

Nimepiga hesabu upya, meza nzima imejaa karatasi. Jiko amekosea. Wastani wa weupe si sekunde kumi na tisa za ziada, ni kumi na nane.

Nilifurahi kwa muda wa kama pumzi moja.

Wifi kaniletea chai, kaangalia karatasi, kauliza ni nani huyu aliyepewa sekunde thelathini na moja. Wakili, mwaka jana. Nikajaribu kumweleza. Mtoto kama Wakili akifika dakika ya nne yuko katikati ya sentensi, na unasikia kabisa sentensi inakwenda mahali. Ni adabu tu kumwacha afike. Wifi akauliza, na hawa wetu sentensi zao haziendi mahali?

 Nikasema kitu ambacho sikujua nilikuwa nacho. Mmoja wetu akisimama pale, macho yangu hayatoki kwenye saa. Naogopa atajikwaa, wale wazazi wamcheke. Dakika ya nne ikifika salama, mkono unagonga wenyewe. Namshusha kabla hajaanguka.

"Na nani kakwambia ataanguka?" Wifi kasema hivyo, kachukua kikombe chake, karudi kwenye cherehani. Aliniacha na changu.

Naona aibu. Nimeandika neno hilo, nalitazama, halipungui.

Jumatatu, 13 Mei

Chumba cha walimu kimegawanyika. Mwalimu wa Michezo anasema mambo ya rangi tuliyamaliza siku nyingi, tusiyafukue. Mwenzangu wa Jiografia, mweusi kama mimi, anasema yeye hashangazwi na lolote ila kwamba niliandika! Miaka kumi na moja najikaanga kwa mwandiko wangu mwenyewe. Alicheka, nami nikacheka kidogo.

Jiko darasani hakuinua mkono. Nilimuuliza swali la asidi, akajibu sawasawa, akaketi. Hakuna chuki usoni. Afadhali ingekuwepo.

Jumatano, 15 Mei

Kikao ofisini kwa Mkuu. Yeye, Mwalimu wa Historia, wazazi wawili wa kamati, mimi. Mwalimu wa Historia akafungua vizuri: kama daftari ni la kweli, binti hakuuacha upande wake kwa utovu wa adabu, alikataa kusema uongo, na anastahili kurudishiwa nafasi. Kila kitu kinategemea daftari.

Mkuu akanigeukia kwa upole kabisa. Stopwochi yangu ni ya siku nyingi, si ndiyo? Ndiyo. Inawezekana ilikuwa inachelewa mara kwa mara?

Saa ile haijawahi kuchelewa hata robo sekunde. Kila muhula nailinganisha na ya maabara. Ni jambo la kusema "hapana", neno dogo.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, mpishi akaingia na chai. Mama yake Jiko. Akaanza kuweka vikombe.

Nikasema, "Inawezekana."

Wote wakapumua! Mkuu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Mpishi akaweka kikombe changu mbele yangu, taratibu, bila kumwaga hata tone, akasema karibu chai mwalimu. Kama kila siku. Sikuweza kuinywa.

Wakaamua haraka. Shule itanunua stopwochi mpya. Daftari litapelekwa kwa waamuzi kila baada ya mdahalo, na atakayepitiliza zaidi ya sekunde kumi na tano atakatwa alama tatu — kanuni hiyo ilikuwepo siku zote, haikuwahi kutumika. Na Jiko, kwa huruma, apewe jaribio moja Ijumaa, ashindane na mwenzake mmoja kuwania nafasi. Kwa huruma! Kwa hiyo sasa binti ni mtu aliyetegemea saa mbovu akasingizia watu, na tumemsamehe.

Sijamwambia wifi. Ameniuliza mara mbili.

Ijumaa, 17 Mei

Naandika nikiwa maabara, mlango nimeufunga. Waamuzi wako kwa Mkuu wanasubiri daftari. Nina dakika chache.

Asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Leo Jiko apate anachopata Wakili. Nitamwacha amalize sentensi, hata sekunde kumi na nne, ndani ya kanuni. Nilijiona mtu mwema kweli njia nzima.

Mwenzake akaanza, mtoto mpole mweupe, miwani mikubwa. Nikambana: 4:01. Nilijipongeza.

Jiko akapanda. Hoja ilikuwa ya simu, hatimaye Mkuu kaipata hoja yake. Akaiongea kama ni jambo la kufa na kupona, watu wakacheka alipotaka wacheke na kunyamaza alipotaka wanyamaze. Sentensi ya mwisho ikaisha 3:59. Akafunga mdomo.

Akabaki amesimama.

Nikadhani anavuta pumzi aongeze. 4:05. Hakuongeza. Mikono ubavuni, ananitazama mimi, si watu. Haketi, kwa sababu kengele haijalia. Haongei, kwa sababu dakika zake zimekwisha. Kwenye 4:10 nilishaelewa. Baada ya hapo sina kisingizio.

Kwa nini sikugonga? Moyoni nilikuwa nasema chukua, ni zako, nimewakatia wote kama wewe, chukua hata hizi. Nilikuwa namsihi. Naye anasubiri tu, kama mtu aliyefika dirishani na mhudumu hajaja. Viti vikaanza kulia. Wakili, mstari wa mbele, akatazama saa yake, akanitazama, akainamisha kichwa.

Nikagonga. Akaketi.

Stopwochi mpya kabisa: 4:27.

Mwalimu wa Historia kanipitia hapa sasa hivi. Ananong'ona kwa furaha: waamuzi wamempa Jiko ushindi wa alama mbili, bado daftari tu. Alama mbili. Adhabu ni tatu. Waamuzi walikuwa wameinamia karatasi zao, hakuna aliyepima, wanachoamini ni nitakachoandika.

4:00 ingempa nafasi. Angalau ndipo alipomaliza. Lakini kengele haikulia 4:00, na mimi tayari nimedanganya mara moja wiki hii, tena mbele ya mama yake.

Nimeandika 4:27. Wino umeshakauka.

Pembeni yake kuna safu ya maelezo. Tupu kutoka juu mpaka chini, kurasa zote, miaka kumi na moja. Nimeweka kalamu pale. Nimeandika "Msemaji alimaliza 3:59. Mshika saa" na hapo nimesimama, maana nikiendelea sitaweza kuishia leo. Itabidi nirudi mpaka Jumatano, na nyuma ya Jumatano, ukurasa kwa ukurasa.

Kuna mtu anabisha hodi. Si Mkuu, Mkuu habishi. Ni sauti ya Jiko.

"Mwalimu, ni mimi. Naomba kuona umeandika nini."

Nimesema karibu.