Kambale Wenu Mulimuweka Wapi?

Mapendo, Goma, 9 Juni 2025

Yaya Victoire,

Natumaini umeamka salama, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Sisi tuko wazima, ila mume wangu Guylain anakohoa kwa vumbi la mji huu. Nakuandikia kwenye simu badala ya kupiga kwa sababu ukipokea tu, mama atakuambia uweke sauti kubwa naye asikie.

Nina mimba ya wiki kumi na mbili. Usicheke. Najua nina miaka arobaini na moja, na mwanangu Paluku anaanza kuota ndevu.

Dokta amenieleza njia tatu za kuangalia kama mtoto ana trisomi, kromosomu ya ziada inayochelewesha akili na mwili. Ya kwanza ni ekografi, ile picha ya tumboni, wanapima shingo yake. Ya pili ni damu ya mkono wangu: inavushwa mpaka, inapelekwa Ulaya, inarudi na jibu la "huenda". Ya tatu ni sindano ndefu tumboni, wanachota maji ya mtoto. Hiyo inasema ndiyo au hapana, lakini mara chache mimba hutoka.

Halafu muuguzi akaanza kujaza fishi yangu ya kliniki. Anaitwa mama Katungu, Munande kama sisi. Je, katika ukoo kuna mtoto aliyezaliwa na trisomi? Nikasema hapana. Akauliza majina ya kaka zangu. Unajua kwetu jina hufuata namba ya kuzaliwa; Munande akisikia majina anahesabu vichwa.

"Wa kwanza Paluku, halafu Kasereka? Kasereka ni wa tatu, wa pili ni Kambale. Kambale wenu mulimuweka wapi, mama?"

Nikasema alikufa kwa surua. Akaniangalia juu ya miwani. "Haya. Naandika surua."

Yaya, nilikuwa na miaka mitatu. Nakumbuka vidole vifupi, vinene, vikitokeza chini ya mlango wa chumba cha nyuma. Nilikuwa navipa maharage. Niambie Kambale alikuwa nani, kabla sijachagua.

Mdogo wako,
Sylvie

Butembo, 13 Juni 2025

Mdogo wangu,

Mama anakula vizuri, anatembea hadi kanisani na kurudi akiwasema mapadri. Mimi sina homa. Nina hasira tu.

Zamani mwanamke alikuwa na mimba. Leo ana fishi! Wanakupangia njia tatu mezani kama vitambaa sokoni, chagua mama, halafu ukichagua vibaya kosa ni lako, siyo lao. Na wakishajua, watamfanyia nini mtoto? Wana dawa ya trisomi? Hawana. Wanachokupa ni hofu iliyopigwa mhuri. Hao wanaotupiga mabomu tangu wewe ukiwa msichana, kromosomu zao zilihesabiwa zikakutwa kamili. Nani aliwapima roho?

Usipime chochote. Kula, lala, sali kama bado unasali.

Kuhusu lile jina, mama Katungu ajaze fishi za ukoo wake. Watoto wengi walikufa kwa surua miaka ile.

Yaya wako,
Victoire

Goma, 8 Julai 2025

Yaya,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi nalala vibaya, lakini mwili unaendelea.

Nilikuandikia mara mbili baada ya barua yako, hukujibu. Sikukutii. Nilitoa damu ya mkono. Jibu limekuja: uwezekano ni mkubwa sana, na ni mvulana. Dokta akasema kuna njia mbili zilizobaki: niishie hapo na kufuatiliwa kwa ekografi, au niende kwenye sindano kupata uhakika. Nimechagua sindano. Ni Jumatatu, ng'ambo ya mpaka.

Guylain anafikiri nataka uhakika. Dokta pia. Wewe peke yako ndiye nitakayekuambia ukweli, maana siwezi kuubeba hadi Jumatatu. Dokta alisema mwanamke mmoja kati ya mamia kadhaa hupoteza mimba kwa sindano hiyo. Yaya, nimeichagua kwa ajili ya yule mmoja. Nataka iwe ajali. Nataka nirudi nyumbani nikilia, watu waniletee chakula, na pasiwe na mtu wa kunilaumu.

Sasa unajua mimi ni nani. Na wewe niambie Kambale alikuwa nani.

Sylvie, mdogo wako

Butembo, 10 Julai 2025

Sylvie wangu,

Leo sina hodi ya kupiga.

Kambale alikuwa na macho madogo yaliyopinda na ulimi uliopenda kutoka nje. Alicheka hata akipigwa. Akikimbia hatua kumi, midomo yake ilikuwa bluu. Hakuna aliyemfukuza nyumbani. Tulimtunza tu nyuma, ili wageni wasimuone.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Siku ile wajumbe wa posa yangu walikuwa sebuleni. Mama akaniambia, "Shika mlango, asitoke. Wakimuona, watasema damu yetu ni mbaya." Nikashika. Nilimsikia akihema kama anayepanda mlima. Aligonga kwa kiganja. Aliniita kwa jina, Vito, Vito, hakuweza kulimaliza. Wageni walikuwa wanacheka, papa yetu alikuwa anamimina pombe ya kasiksi. Nilijua, Sylvie. Nilijua kwamba hapumui, na nikashika komeo hadi walipoaga.

Surua niliitunga mimi, mama akaikubali.

Ile ndoa ilidumu miaka sita. Ndiyo maana nabishana na kila mtu: nikinyamaza, nasikia kile kiganja.

Sikustahili kukufundisha chochote.

Victoire

Butembo, 20 Julai 2025

Mdogo wangu, Jumatatu imepita. Nijibu hata neno moja. Hata tusi.

Yaya

Goma, 22 Desemba 2025

Yaya Victoire,

Mko wazima? Samahani kwa miezi hii. Nilikuchukia, kisha nikajichukia, na yote mawili yanachukua muda.

Jumatatu ile nilifika hadi kwenye kitanda. Nikaomba waniache nishuke. Nilirudi Goma, nikamwambia mama Katungu afute surua. Alifuta bila kuuliza, akaniitia dokta. Dokta alikasirika: angejua mapema, angeanza kwa kupima kama damu yangu mimi inarithisha trisomi. Wakaipima. Ni safi. Damu yetu haikuwa mbaya, yaya. Mlishika mlango bure.

Nawe ulikosea kuhusu kupima. Kwa kuwa nilijua, walimtazama moyo kwenye ekografi, wakakuta tundu. Kwa hiyo alipozaliwa Ijumaa walikuwa tayari wamemwekea oksijeni. Nilichokuwa natafuta kwenye sindano hakimo kwenye fishi yoyote, nitaishi nacho.

Ni mvulana wangu wa pili. Unajua jina lake.

Amelala sebuleni. Wageni wanaingia.

Sylvie

Kibumba, 28 Desemba 2025

Mdogo wangu,

Vita imefunga barabara, tulizungukia Uganda, siku tatu njiani. Gari imesimama kwenye kizuizi, tutaingia kwako jioni. Mama yuko nami. Alipouliza tunakwenda kumuona nani, nilimtajia jina. Tangu mpakani Kasindi amekataa hata maji.

Sasa hivi amenishika mkono. Anauliza midomo ya mtoto ina rangi gani.

Tafadhali nipigie upesi. Nimeweka sauti kubwa.

Yaya wako,
Vito