Mama, Wanataka Kunibadilisha Jina

Mama yangu,

Nimeolewa. Yule kijana wa Bukima uliyemsifia meno, Magesa, sasa meno hayo nayaona kila asubuhi hapa Kitaji, Musoma, kabla sijanawa uso. Chai anachemsha yeye. Na akiniita Nyangeta, mama, utadhani jina limetungwa jana kwa ajili yangu.

Jina hilo ndilo dada yako anataka nivuliwe.

Harusi haijapoa, Mama Mkubwa akatoka Butiama na kuku mkononi. Akasema nimerithi jina la bibi, bibi aliuawa na saratani ya shingo ya kizazi, nawe binti yake ukafuata, kwa hiyo ugonjwa unapita kwenye jina. Wazee wakae, nipewe lingine kabla sijashika mimba. Kuku alikuwa wa shughuli hiyo.

Nilichoka. Nilichoka kwa sababu hata wewe ulisema hivyohivyo. Damu inakutoka siku zisizo zake, nakubembeleza twende kliniki, nawe umesimama pale sokoni Bunda unakunja vitenge. "Ya ukoo hiyo, hata mama ilikuwaga kwake. Kupima kutabadilisha ukoo?" Nilikasirika siku ile, na leo nakulilia huku bado nimekasirika.

Nikamwambia Mama Mkubwa wazee wasubiri, naenda kupima. Magesa akaomba ruhusa kazini, akakaa mwanaume peke yake kwenye benchi la akina mama, amenishikia mkoba. Ningeweza kuolewa naye tena palepale.

Nesi alinieleza vizuri. Saratani hii inaanzishwa na kirusi cha kuambukizana kwa kujamiiana. Wengi wetu tunakipata, na miili mingi inakifukuza bila mtu kujua. Mingine inashindwa, na huko kushindwa kunaweza kuwa kwa kurithi. Kwa hiyo ukoo umo, mama, hukukosea yote. Lakini damu ya ukoo peke yake haileti saratani, na mwenye ukoo kama wetu ndiye wa kuwahi kupima. Ile ilikuwa sababu ya kwenda, wewe ukaifanya sababu ya kubaki!

Akapaka siki kwenye shingo ya kizazi, maana seli zenye kasoro zikiguswa nayo hugeuka nyeupe. Doa jeupe likatokea.

Sikusikia alichosema mwanzoni, nilikuwa nimerudi kwenye mazishi yako. Akarudia: si saratani, ni seli zilizoanza kubadilika. Akazichoma palepale, maumivu kama ya hedhi. Nikamuuliza kama kirusi kimetoka kwa mume wangu. Akasema kinaweza kukaa mwilini miaka, hakuna wa kujua kilitoka wapi, nisibomoe nyumba kwa hilo. Kisha akasema tusikutane kimwili wiki nne. Wiki nne, bibi harusi mimi! Magesa alicheka, akahamia kwenye kochi, miguu inaning'inia. Asubuhi anaulizia nyuma ya pazia mchumba wake ameamkaje.

Jumapili tukaenda Butiama. Nikamweleza Mama Mkubwa yote, mpaka doa. Aliendelea kupepeta ulezi, akasema yeye siki anaijua ya kachumbari. Akasema kama jina halina kosa, basi nimwambie kosa ni la nani. Nikaanza kupandisha sauti. Magesa akanigusa bega.

Ungo ukasimama. Mama Mkubwa akasema bila kuniangalia, "Nami damu imeanza kunitoka, na hedhi nilishakoma zamani. Hiyo siki inauma?"

Mama, nyie watu! Amebeba kuku mpaka Musoma kwa ajili ya jina langu, na hilo hakulitaja.

Kesho tunampeleka hospitali, daktari amwone. Atanung'unika njia nzima, nami nitamjibu. Sijui watakuta nini. Ninachokuahidi ni kimoja: hatarudi Butiama bila kupimwa, hata nikilazimika kuingia naye ndani nikiwa nimemshika mkono.

Pumzika sasa. Nakupenda pamoja na hasira zangu zote.

Binti yako,
Nyangeta