Ncha ya Kisu Ilipotea, Wazee Wameshashika Sahani

Shangazi Ciakuthii mpendwa, nakuandikia nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, nisaidie kabla ya Alhamisi kwa sababu siku hiyo kikundi chetu kinakutana na mimi sijui nitafungua mdomo niseme nini.

Mimi naitwa Kawira, nimeolewa huku Kanja, na tuko wanawake sita ambao tunapika kwenye shughuli za kanisa, nje, kwa kuni, maana jiko la kanisa ni dogo na moshi unatuua macho. Mwaka huu tulichoka kubeba kikapu cha vyuma kila mahali, mara kisu kimesahaulika nyumbani, mara kifungua mikebe hakionekani, mara hakuna cha kukazia mtungi wa gesi ya chai, basi wenzangu wakanituma nitafute kile kifaa cha kukunja ambacho ndani kina kisu, koleo, msumeno mdogo, bisibisi na mengine, nikaenda soko la Runyenjes nikachagua kilichokuwa na vyuma vingi kuliko vyote, muuzaji akanihesabia kumi na tisa, nikajua hapa nimepata. Wenzangu walikipenda mpaka wakakipa jina, Kamaliza.

Sasa ile Jumapili tulikuwa na chakula cha wazee wa kanisa, wazee arobaini, wengi wao hawana meno na nyama wanaimeza tu ikishalainika. Nilikuwa nakatakata mbuzi juu ya kigogo, panga lilikuwa kwa mwenzetu Veronicah upande ule wa viazi, na badala ya kuliomba nikachomeka Kamaliza kwenye kiungo cha paja nikakipindua kwa nguvu kama mtu anayefungua mkebe wa rangi, kiungo kikaachia, nikafurahi, nikatupa nyama kwa sufuria nikaendelea.

Nilikuja kuona wakati wa kupakua. Nilikuwa naosha kile kisu nikate maparachichi, nikaona ncha haipo, kipande kama punje ya mchele hivi, na kuinua macho naona wazee wameshaombewa chakula, wameshika sahani, na walioketi mbele wameshaanza kula.

Shangazi, hapo ndipo nilikosea na najua. Ningepiga kelele. Lakini mchungaji alikuwepo, watoto wa wazee walikuwa wametoka Embu mjini na magari yao, na mimi ndiye nilikuwa nimechagua kile kisu na kukisifu, mdomo ukakataa kabisa. Nikamnyang'anya mwenzetu Joyline upawa nikaanza kupakua mwenyewe, kila upawa nauchokora kwa kijiko kabla sijamwaga kwa sahani.

"Kawira, unatafuta nini humo?" Joyline akaniuliza.

"Mifupa midogo. Wazee wasije wakakabwa."

"Mifupa ama maini? Wacha watu wale, laini imesimama!"

Nikampa upawa nikawaendea wale wa mbele, nikawa nawaambia kuleni polepole, kuna vipande vya mfupa, na hiyo ilikuwa nusu ukweli nusu uongo. Halafu Mzee Njuki, yule mwalimu mstaafu, akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka fimbo yake ikaanguka. Nilikimbia nikapiga magoti nikamwekea kiganja chini ya kidevu.

"Tema, Mwalimu! Tema hapa mkononi mwangu!"

Akanitazama, macho yamejaa machozi, akasema, "Ni nani ametia pilipili hii yote?"

Watu walicheka sana. Mimi nilienda nyuma ya tangi la maji nikatapika.

Kuanzia Jumatatu nikaanza kuwatembelea mmoja mmoja, mwingine kwa mguu, mwingine kwa boda boda, nikiwa na sukari kidogo mfukoni, nauliza, "Tumbo linaendeleaje?" Wao wakafikiri ni upendo tu. Kuna cucu mmoja, nyanya mzee, alinishika mikono miwili akaniombea hadi nikataka kukimbia. Jumatano mchungaji akanipigia simu, "Kawira, wazee wanakusifu, tunataka uongoze huduma ya wazee." Nikamwambia anipe muda niombe.

Ijumaa nilienda kanisani kuosha vyombo vya harusi. Kile kigogo kilikuwa kimeegemezwa ukutani, mvua ya usiku imekiosha, na jua lilipokipiga nikaona kitu kinametameta katikati ya nyufa. Nilikuwa na Kamaliza mfukoni, nikatoa koleo, nikachomoa. Nikakiweka pale kisu kilipovunjika, kikatoshea sawasawa. Shangazi, nilikaa chini kwenye matope nikalia huku nacheka, na jioni hiyo nilikula ugali na sukuma nikahisi utamu ambao sikuwa nimeuhisi wiki nzima, hata mume wangu akauliza nimetia nini.

Shida ni kwamba nilikuwa nimewaambia wenzangu Kamaliza kimepotea. Sasa wamenichagua tena nikanunue kingine, kwa sababu Agosti tunawapeleka wazee matembezi na tutapika huko huko, na mchungaji naye anangoja jibu. Mtu pekee niliyemwambia ni dada yangu wa Ruiri, na yeye anasema, "Hakuna aliyeumia, zika hiyo maneno." Nizike? Na nikienda sokoni nichague nini, ama nikatae kabisa?

Ni mimi Kawira, Kanja.

*

Kawira, barua yako niliianza nimesimama, na nilipofika pale kwenye kigogo nikakaa. Ashukuriwe Mungu. Furahi, usione haya kufurahi, wazee arobaini wako majumbani mwao wakilalamikia pilipili.

Sasa nikugombeze. Ulikuwa na maneno machache tu ya kusema: "Jamani, wekeni sahani chini, kisu kimevunjika." Wangenung'unika, wangekunywa chai na mkate, na wale wa magari wangekusema mpaka Krismasi. Basi, yangeishia hapo. Aibu huzoeleka, lakini utumbo uliotobolewa na chuma haungoji mtu azoee. Na lililonikasirisha zaidi ni zile siku nne. Ulizunguka ukiuliza habari za tumbo bila kumwambia hata mtoto wa mzee mmoja ni kitu gani aangalie. Kama mmoja angelazwa, daktari angepima amiba na taifodi huku wewe una jibu mfukoni. Ukiogopa hivyo tena, ogopa kwa sauti.

Dada yako wa Ruiri anakupenda, lakini hapa amekosea. Wenzako watano bado wanaamini Kamaliza kilikuwa kizuri ila kimepotea. Kesho Veronicah ataazima kingine kama hicho, atakichomeka kwenye kiungo cha mbuzi kama ulivyofanya, na ncha ya safari hiyo huenda isiangukie kwenye kigogo. Hilo si lako la kuzika.

Kuhusu kununua, usikatae. Wewe sasa ndiye mwenye akili ya kununua. Kosa lako lilikuwa kuhesabu vyuma, ungehesabu kazi. Mkipika nje mnafungua mikebe, mnakaza mtungi, mnainua kifuniko cha moto, mnakata kitunguu na kamba ya gunia. Vyuma sita au saba vinatosha, mradi viwe vinene. Pale dukani fungua kisu mwenyewe usikie kikijifunga. Kisha funga leso mkononi, ukisukume kwa mgongo wake, na kikikunjika kirudishe mezani. Shika mpini ukiwa na mafuta kidogo viganjani, muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Angalia pale vyuma vinapokunjikia: kama maji ya moto na mswaki haviwezi kuingia, damu ya nyama itakaa humo na kuoza. Kilichopakwa rangi kwenye makali kiache, rangi hiyo itaishia kwa mchuzi. Na muuzaji asiyetaka ufungue bidhaa yake, mpe kwaheri nzuri upite.

Lakini hata ukipata kizuri namna gani, kiungo cha mbuzi si kazi yake. Hiyo ni kazi ya panga au kisu cha bucha, kipande kimoja kisichokunjwa. Kikapu chenu kitapungua uzito, hakitaisha. Marehemu mume wangu alikuwa na bucha Meru mjini, na kabla nyama haijatoka kwenda kwa mteja alikuwa anatazama ncha za visu vyake vyote, kimoja kimoja, hata kama watu wanapiga kelele nje. Nilikuwa namcheka. Nanyi fanyeni hivyo kabla sufuria haijafunuliwa, na anayetazama asiwe yule aliyekata.

Mchungaji mweleze yote, kisha mwachie yeye aamue kuhusu huduma. Mzee Njuki mwambie uso kwa uso, kwa sababu ulimwamuru ateme mbele ya watu na hajui kwa nini. Ila ziara za wazee usiziache, hata mchungaji akisema hapana. Ulizianza kwa hofu, sawa, lakini yule cucu aliyekushika mikono alikuwa na mgeni, na mgeni huyo alikuwa wewe.

Alhamisi weka kisu kilichovunjika na ncha yake mezani, kabla hujaanza kueleza, ili usipate pa kurudi nyuma. Useme mwenyewe kwamba ulipindua, ulinyamaza, na ulidanganya kwamba kimepotea. Kisha wachague wawili mwende nao Runyenjes. Na useme kabla chai haijamiminwa, Kawira. Chai ikishanywewa kila mtu huwa na haraka ya kwenda kukamua ng'ombe, na wewe utaifurahia sana haraka hiyo.